Vipandikizi au Kuinua Matiti Baada ya Kunyonyesha: Mwongozo Kamili kwa Wanawake wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Mwanamke aliyemaliza kunyonyesha na kuanza kuwaza juu ya upasuaji wa matiti hujikuta mbele ya njia mbili ambazo matangazo huzitaja kwa pamoja kana kwamba ni bidhaa za rafu moja: kuwekewa vipandikizi, au kuinuliwa matiti. Kitabibu, njia hizi hutatua matatizo tofauti. Kipandikizi huongeza ujazo katika titi lililopungua, ilhali upasuaji wa kuinua huondoa ngozi iliyozidi, huziunda upya tishu zilizobaki na kuirudisha chuchu mahali pa juu zaidi. Titi lililoshuka sana haliinuliwi na kipandikizi peke yake, hata kiwe kikubwa namna gani, na titi lililobaki tupu halijazwi kwa kukata ngozi. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni nini hasa kimebadilika katika mwili wako, na ukubwa unaoutamani unafuata baadaye.

Mwongozo huu unamlenga anayeishi Kisumu, Nakuru, Kakamega, Siaya, Busia au Bungoma, kwa sababu mahali pa kuishi pana uzito katika uamuzi huu. Madaktari wengi wa upasuaji wa plastiki nchini wako Nairobi, na umbali huo unamgusa mwenye vipandikizi kwa miaka mingi kuliko unavyomgusa aliyeinuliwa matiti tu. Hilo nitalieleza kwa urefu katika hatua ya nne.

Kinacholibadilisha titi

Wakati wa ujauzito tezi za maziwa huongezeka, titi hujaa, na ngozi hutanuka ili kulipa nafasi. Mtoto anapoachishwa, tezi hunywea, mafuta hayarudi yote mahali yalipokuwa, na ngozi iliyotanuka haijikazi tena kikamilifu. Nyuzi za ndani zinazolishikilia titi nazo huwa zimelegea.

Wengi huambiwa na jamaa zao kwamba ni mtoto aliyeyavuta matiti. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2008 haukukuta kwamba kunyonyesha kwenyewe huongeza kushuka kwa matiti. Yaliyoonekana kuchangia ni umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba na uvutaji wa sigara. Nalisisitiza jambo hili ili mama asijutie maziwa aliyompa mwanawe, na ili anayetarajia mimba nyingine asidhani kwamba kumnyima mtoto ziwa kutamlinda. Mafuta ya kupaka na vikombe vya kuvuta havirudishi ngozi iliyolegea, na mazoezi huimarisha msuli wa kifua ulio nyuma ya titi, lakini titi lenyewe halina msuli wa kukazwa.

Hatua ya kwanza: Acha mwili utulie

Titi huendelea kubadilika kwa miezi kadhaa baada ya mtoto kuacha kunyonya. Madaktari wengi hutaka ipite miezi mitatu hadi sita tangu maziwa yakome, na kwa maoni yangu miezi sita ndiyo salama zaidi, hasa kwa aliyenyonyesha hadi mtoto akafikisha miaka miwili. Anayefanyiwa upasuaji maziwa yakiwa bado yanatoka hujiongezea uwezekano wa kupata uambukizo, na vipimo vyote anavyochukuliwa ni vya titi ambalo bado halijafikia umbo lake la kudumu.

Uzito nao uwe umetulia kwa takriban miezi sita. Anayepanga kupunguza kilo kumi aanze na kilo hizo kabla ya kwenda kwa daktari, kwa kuwa mafuta ya matiti hupungua pamoja na ya mwili mzima, na titi lililoinuliwa leo litalegea tena yakipungua.

Jambo gumu zaidi katika hatua hii ni la uzazi. Mimba nyingine itatanua ngozi upya, na matokeo ya upasuaji yanaweza kupotea. Aidha, upasuaji wa kuinua unaweza kukata baadhi ya mirija ya maziwa na mishipa ya fahamu ya chuchu, na hivyo kupunguza uwezo wa kunyonyesha baadaye; kipandikizi kinachoingizwa kupitia ukingo wa duara jeusi la chuchu kina hatari hiyo zaidi kuliko kinachoingizwa kupitia mkunjo wa chini ya titi. Ikiwa wewe na mwenzio bado mnamtarajia mtoto mwingine katika miaka miwili mitatu ijayo, ushauri wangu ni kusubiri.

Hatua ya pili: Jitazame kwenye kioo

Hatua hii inaweza kufanyika nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwa dakika chache. Simama wima mbele ya kioo bila sidiria, mikono ikining'inia. Chukua rula au penseli, uiweke kwa mlalo kwenye mkunjo wa chini ya titi, pale titi linapokutana na ukuta wa kifua. Sasa tazama chuchu iko wapi ikilinganishwa na mstari huo. Ni vyema pia kupiga picha ya ubavuni kwa simu yako mwenyewe, kwa kuwa kioo cha mbele huficha mengi, kisha uihifadhi mahali ambapo watoto hawataifikia.

Kama chuchu iko juu ya mkunjo na inatazama mbele, lakini sehemu ya juu ya titi imebonyea na titi limekuwa jepesi mkononi, tatizo lako kubwa ni ujazo. Hapo kipandikizi peke yake kinaweza kutosha. Baadhi ya madaktari wanaweza pia kukupendekezea kuhamishiwa mafuta yako mwenyewe kutoka tumboni au mapajani, njia inayoongeza ujazo wa kadiri tu kwa sababu sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili.

Kama chuchu iko sawa na mkunjo, titi limeshuka kwa kiwango cha kwanza. Hapa ndipo madaktari hutofautiana zaidi. Wapo watakaosema kipandikizi cha ukubwa wa wastani kitaijaza ngozi na kuisogeza chuchu kidogo, na wapo watakaopendekeza kuinua kwa mkato mdogo wa kuzunguka duara jeusi. Katika hali hii usitie sahihi popote kabla hujasikia maoni ya daktari wa pili.

Kama chuchu imeshuka chini ya mkunjo, hicho ni kiwango cha pili, na ikiwa ndiyo sehemu ya chini kabisa ya titi na inatazama sakafuni, ni kiwango cha tatu. Katika viwango hivi kuinua kunahitajika. Kipandikizi kikiwekwa bila kuinua, huweza kukaa juu kifuani huku titi la asili likining'inia mbele yake, na mwanamke akarudi hospitalini akiwa na matiti mazito zaidi na umbo lisilomridhisha.

Iko pia hali ambayo wengi huikosea: chuchu imebaki juu ya mkunjo, lakini sehemu ya chini ya titi imejaa na kuning'inia. Mtu hujiona ameshuka kabisa, kumbe chuchu haihitaji kusogezwa, na mpango wa upasuaji huwa mwingine. Mwenye matiti makubwa yanayomletea maumivu ya shingo na mgongo naye hahitaji lolote kati ya mawili haya. Kinachomfaa ni kupunguzwa matiti, upasuaji ambao ndani yake tayari kuna kuinuliwa.

Usishangae titi moja likiwa katika kiwango cha kwanza na jingine katika cha pili. Matiti ya wanawake wengi hayalingani, na tofauti hiyo inapaswa kupimwa na kuandikwa kabla ya upasuaji.

Hatua ya tatu: Sidiria na mchele

Vaa sidiria isiyo na sponji, inayokukaa vizuri. Wanawake wengi huvaa saizi waliyokuwa nayo kabla ya kujifungua, kwa hiyo pima upya. Kina mama wauzao sidiria za mitumba katika soko la Kibuye mjini Kisumu hukadiria saizi kwa jicho na mara nyingi hawakosei. Ukiwa umeivaa, jitazame. Kama umbo unaloliona ndilo unalolitaka, basi ujazo unao tayari na kilichokosekana ni mahali pake. Kuinua peke yake kunaweza kukutosha. Kama vikombe vya sidiria vinabaki na nafasi tupu juu, na unaridhika tu unapoweka kitu ndani, basi ujazo ni sehemu ya tatizo.

Anayeona kwamba ujazo unahitajika afanye jaribio la mchele. Pima gramu 250 za mchele, uwe wa Ahero au wa Mwea, uutie katika soksi ya nailoni, funga, kisha uweke upande mmoja ndani ya sidiria ya mazoezi. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Vaa hivyo kwa saa kadhaa ukiwa unapika, unafagia na kupanda ngazi. Siku nyingine ongeza hadi gramu 350. Vipandikizi huhesabiwa kwa mililita, na mililita moja ya silikoni ina uzito wa karibu gramu moja, kwa hiyo jozi ya mililita 350 ni gramu 700 utakazozibeba mchana na usiku juu ya ngozi ambayo tayari imeonyesha kwamba hulegea. Jaribio hili linawafundisha wanawake kuchagua ukubwa wa kiasi kuliko maneno yangu yanavyoweza.

Hatua ya nne: Pima kile ambacho kila njia itakudai

Upasuaji wa kuinua hudai makovu. Kushuka kidogo huweza kurekebishwa kwa kovu la kuzunguka duara jeusi tu. Kushuka kwa wastani huhitaji kovu hilo pamoja na jingine linaloshuka wima hadi kwenye mkunjo. Kushuka sana huongeza kovu la tatu linalofuata mkunjo wenyewe, na kwa pamoja makovu haya hufanya umbo la nanga. Kovu huwa gumu na jeusi zaidi katika miezi ya mwanzo, na huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kutulia. Hatari nyingine ni jeraha kuachia pale mikato inapokutana, chuchu kupoteza hisia kwa muda au moja kwa moja, na kwa nadra sehemu ya chuchu kukosa damu na kufa. Hatari hii ya mwisho ni kubwa zaidi kwa mvutaji sigara na kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa.

Katika ngozi yetu nyeusi suala la kovu halipaswi kupitiwa juu juu. Keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha, hutokea mara nyingi zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na kifua ni mojawapo ya sehemu zinazoathirika sana. Kagua tundu za masikio yako, kovu la upasuaji wa kujifungua kama unalo, na alama za chanjo mkononi. Waulize mama yako na dada zako. Kama una keloidi, mwambie daktari siku ya kwanza kabisa, naye akueleze atapunguza vipi urefu wa mkato, hasa ule unaoelekea katikati ya kifua, na kama ana mpango wa kutumia vibandiko vya silikoni au sindano za steroidi mapema. Kwa mwanamke mwenye keloidi kubwa, mizani inaweza kuelemea kwenye kipandikizi kwa mkato mfupi ndani ya mkunjo, au kwenye kutofanya chochote.

Kipandikizi hudai mengine. Kovu lake ni fupi, la sentimita chache, lakini kifaa chenyewe hakidumu maisha yote. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, hadi asilimia 20 ya wanawake waliowekewa vipandikizi ili kuongeza matiti hulazimika kuviondoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Mwili hujenga utando kukizunguka kipandikizi, na kwa baadhi ya wanawake utando huo hukaza, titi likawa gumu na hata kuuma. Kipandikizi kinaweza kupasuka. Cha maji ya chumvi kikipasuka, titi hunywea na mwenyewe hujua. Cha silikoni kinaweza kupasuka kimyakimya, na ndiyo maana mamlaka hiyo hupendekeza mwenye silikoni afanyiwe altrasaundi au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) mwaka wa tano au wa sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu. Mwanamke ambaye tishu zake zimekonda sana baada ya kunyonyesha anaweza pia kuona au kuhisi mikunjo ya kipandikizi chini ya ngozi, na hili ni moja ya sababu zinazowafanya madaktari kukiweka chini ya msuli.

Kuna vilevile aina ya nadra ya saratani ya mfumo wa limfu inayohusishwa na vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza. Mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa vipandikizi vyake vya BIOCELL katika masoko ya dunia kwa sababu hiyo. Uliza kwa uwazi kama kipandikizi unachopewa kina ganda laini au la kukwaruza, na kama ni la kukwaruza, sababu ni nini.

Sasa umbali. Jeraha la kuinua likishapona na kovu kutulia, aliyeinuliwa hana deni kubwa la kurudi kliniki, ingawa matiti yake yataendelea kuzeeka na miaka. Mwenye vipandikizi ameingia mkataba wa kupimwa, na pengine wa kupasuliwa tena, katika hospitali ambayo kutoka Kisumu iko takriban kilomita 350. Kutoka Nakuru ni kilomita 160 hivi, na anayeishi Busia ana safari ndefu zaidi ya mkazi wa Kisumu. Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni huu: pale ambapo kioo na sidiria vinaonyesha kwamba kuinua peke yake kutakupa umbo unaloweza kuliridhia, na huna historia ya keloidi, chagua kuinua. Anayehitaji ujazo kwa kweli asizuiwe na maneno haya, lakini aziweke safari na gharama za miaka ijayo kwenye hesabu yake tangu leo.

Hatua ya tano: Unapohitaji vyote viwili

Wanawake wengi waliozaa watoto kadhaa huangukia hapa: titi limeshuka na pia limebaki tupu. Upasuaji wa pamoja hufanyika, lakini ndani yake mna mvutano. Kuinua ni kuipunguza foronya, na kipandikizi ni kuuongeza mto. Yakifanyika siku moja, ngozi inayotakiwa kupona bila kuvutwa huvutwa na uzito mpya. Ndiyo maana upasuaji wa pamoja hufuatwa na marekebisho mara nyingi zaidi kuliko kila mmoja ukifanywa peke yake.

Njia nyingine ni kuanza na kuinua, kusubiri miezi michache, kisha kuamua juu ya kipandikizi. Gharama huongezeka kwa kuwa kuna kulazwa usingizi mara mbili, lakini wapo wanawake ambao baada ya kuinuliwa hujiona wametosheka na hawarudi kwa hatua ya pili. Kwa aliye katika kiwango cha tatu, njia hii ya awamu mbili ndiyo ningeitaka izungumzwe kwanza. Ukichagua kufanya yote siku moja, kubali kipandikizi kidogo.

Hatua ya sita: Mchague daktari kabla ya kuchagua bei

Daktari anayefanya kazi hii awe mtaalamu wa upasuaji wa plastiki aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini Kenya, linalojulikana kwa kifupi kama KMPDC. Tovuti ya baraza hilo hukuwezesha kumtafuta daktari kwa jina, kuona kama leseni yake ya mwaka huu ni hai, na kuona taaluma aliyosajiliwa nayo. Kituo nacho kiwe na leseni, kiwe na chumba cha upasuaji kilicho kamili, na awepo daktari wa nusukaputi. Mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki dunia baada ya upasuaji wa urembo jijini Nairobi, na Baraza likakifunga kituo kilichohusika. Hili limetokea nchini mwetu, na ukaguzi wa dakika kumi kwenye simu ni jambo dogo ukilinganisha na maisha.

Anayekuahidi kukuza matiti kwa sindano katika saluni au nyumba ya kupanga mkimbie. Silikoni ya maji inayodungwa mwilini husambaa, huleta vidonda na uvimbe usioondoka, na inaweza kuua.

Siku ya kuonana na daktari, nenda na maswali yaliyoandikwa. «Daktari, matiti yangu yako katika kiwango gani, na la kushoto likoje?» «Je, ningekuwa dada yako, ungeniwekea kipandikizi au ungeniinua tu?» «Naomba kuona picha za wanawake wenye ngozi kama yangu waliozaa, mwaka mmoja baada ya upasuaji.» «Nikipata tatizo usiku wa manane nikiwa Kakamega, ni nani atakayenipokea?» Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee ikiwa daktari huja Kisumu, Eldoret au Nakuru kwa zamu na kurejea Nairobi jioni. Jibu zuri lina jina la daktari wa upasuaji aliye karibu nawe, nambari ya simu na hospitali mahsusi. Jibu la «utanipigia tu» halitoshi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa njia zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama kabla ya kutoa idhini, na kwa mtu mzima idhini hiyo ni yake mwenyewe. Ni busara kuzungumza na mume au jamaa watakaokuuguza, lakini ukiona kwamba anayeutaka upasuaji huu kwa kweli ni mtu mwingine, ahirisha.

Hatua ya saba: Vipimo, hasa vile vya kwetu

Matiti yachunguzwe kwanza. Uvimbe wowote, chuchu inayotoa damu, au ngozi iliyobonyea na kukunjamana ichunguzwe kabla ya neno lolote la urembo kusemwa. Aliye chini ya miaka 40 kwa kawaida hufanyiwa altrasaundi, na aliyefikisha umri huo mammogramu, yaani eksirei ya matiti. Picha hizo zihifadhiwe ili za baadaye zilinganishwe nazo. Mwenye vipandikizi bado anaweza kupigwa mammogramu, ila amwambie mpiga picha mapema ili picha za ziada zipigwe huku kipandikizi kikisogezwa nyuma.

Eneo la Ziwa Victoria na magharibi ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa wingi. Kama hujawahi kupimwa, pimwa kabla ya nusukaputi. Aliye na kinasaba kimoja kwa kawaida huweza kupasuliwa, lakini aliye na ugonjwa wenyewe anahitaji maandalizi maalumu, na daktari wa nusukaputi anapaswa kujua. Pimwa pia wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na ujauzito. Anayeishi na virusi vya Ukimwi huweza kufanyiwa upasuaji akiwa anatumia dawa zake na virusi vimedhibitiwa. Asifiche, na asikatize dawa.

Taja kila dawa unayotumia, zikiwamo za mitishamba na vidonge vya kupanga uzazi, kwa kuwa vidonge vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda. Daktari atakuelekeza lini uache aspirini na dawa zinazofanana nayo. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada.

Hatua ya nane: Fedha

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, pamoja na bima nyingi za binafsi, kwa kawaida hazilipii upasuaji wa urembo. Omba hesabu iliyoandikwa inayotenganisha ada ya daktari, ya daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, kitanda, vipandikizi, vipimo, dawa na ziara za baadaye. Uliza nani hulipa ikiwa damu itavuja na ukahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo. Weka pembeni nauli, malazi ya Nairobi kwa angalau wiki moja, na mshahara wa msaidizi wa nyumbani. Usikope kwa programu za mikopo ya simu kwa ajili ya jambo linaloweza kusubiri mwaka.

Hatua ya tisa: Kupona katika nyumba yenye mtoto mdogo

Kazi za mezani huweza kurejewa baada ya wiki moja hadi mbili. Kazi za nguvu husubiri wiki nne hadi sita, na kwa mama wa huku kwetu maana yake ni hii: usimbebe mtoto mgongoni, usitwike mtungi wa maji, usifue kwa mikono, usishike jembe. Mtoto wa miaka miwili hataelewa kwa nini habebwi, kwa hiyo mzoeshe mapema kupanda kitandani mwenyewe na kukumbatiwa ukiwa umeketi. Awepo shangazi, dada au msaidizi kwa wiki mbili za kwanza usiku na mchana. Sidiria laini ya kushikilia, isiyo na waya, huvaliwa usiku na mchana kwa muda atakaousema daktari, mara nyingi wiki nne hadi sita.

Usipande bodaboda katika muda huo. Mtikisiko wake, na ulazima wa kujishikilia kwa mikono, huvuta majeraha mabichi. Katika safari ya kurudi nyumbani kutoka Nairobi, simama na kutembea kila baada ya saa moja au mbili ili damu isigande miguuni, na uweke kitambaa laini kati ya mkanda wa gari na kifua. Usisafiri kabla ya kuonwa na daktari baada ya upasuaji.

Homa ni jambo la kuangaliwa kwa namna yake hapa. Anayerudi Kisumu au Busia na kupata homa siku ya sita huambiwa upesi kwamba ni malaria, na huenda ni kweli. Apimwe malaria na jeraha likaguliwe siku hiyohiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Titi moja likivimba ghafla na kukaza kuliko jenzake, jeraha likitoa usaha, chuchu ikibadilika rangi na kuwa baridi, mguu mmoja ukivimba, au ukipata shida ya kupumua, nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu, iwe ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya Kaunti ya Nakuru au ya Moi mjini Eldoret, huku ukimpigia daktari wako ukiwa njiani.

Hatua ya kumi: Kumbukumbu zako

Aliyewekewa vipandikizi apewe kadi yenye jina la mtengenezaji, aina ya kipandikizi, ukubwa wake na nambari yake ya utambulisho. Usitoke hospitalini bila kadi hiyo. Ipige picha, itume kwenye barua pepe yako, na nakala moja mwachie mtu unayemwamini, kwa sababu miaka kumi ni mingi na simu hupotea. Andika katika kalenda mwaka wa tano tangu upasuaji kuwa mwaka wa altrasaundi ya kwanza. Altrasaundi hupatikana Kisumu, Nakuru na Eldoret, na majibu yanaweza kutumwa kwa daktari wako bila wewe kusafiri. Titi likivimba upande mmoja miaka mingi baadaye, bila kuumia na bila homa, usisubiri mwaka huo ufike: omba majimaji yanayokizunguka kipandikizi yapimwe, na umtajie daktari wazi kwamba unataka ile saratani ya limfu iangaliwe.

Aliyeinuliwa matiti peke yake naye ahifadhi taarifa ya upasuaji inayoonyesha mikato ilivyopita. Akija kupigwa mammogramu baadaye, makovu ya ndani huweza kuonekana kama kivuli cha kutia shaka, na taarifa hiyo itamsaidia daktari anayeisoma picha kutambua anachokiona.